Mstaafu Ajifunze kwa Mkulima wa Mbwemkuru

Mtumishi wa Serikali anapotimiza umri wa miaka 60, sheria humtaka aweke kalamu chini. Anayependa kupumzika mapema aweza kufanya hivyo kwa hiari yake afikapo miaka 55. Kwa miaka 30 au zaidi mtu huyo amezoea jambo moja, nalo ni mshahara: uwe mkubwa au mdogo, uwe umekwisha kukopewa au haujakopewa, mwisho wa mwezi huja. Siku ya kustaafu utaratibu huo hugeuka ghafla. Mtu ambaye maishani mwake hajapata kushika shilingi milioni tano kwa pamoja huingiziwa benki makumi ya milioni kwa siku moja, kisha huachiwa pensheni ya kila mwezi ambayo ni chini ya nusu ya mshahara aliouzoea. Hapo ndipo wengi huteleza. Wala hawatelezi kwa ulevi na uzembe tu, kama wanavyosengenywa vijiweni. Wengi huteleza kwa sababu hakuna aliyepata kuwafunza namna ya kuishi kwa fedha inayokuja mara moja na kutakiwa itoshe siku nyingi.

Wako wananchi ambao somo hilo wamelikuta kwa wazazi wao. Ni wakulima wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, katika nchi ya mto Mbwemkuru unaoteremka kwenda kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Wakulima hao hawana mwisho wa mwezi, wana msimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, korosho huanza minada yake mwezi wa Oktoba, na baina ya msimu na msimu hakuna mhasibu anayewasubiri dirishani. Mwalimu anayefundisha watoto wa wakulima hao, na afisa anayewagongea mihuri barua zao, wamekuwa wakijiona kuwa wao ndio wenye maarifa ya fedha. Katika jambo la kustaafu hapana budi mafunzo yageuzwe: mwenye mshahara akae chini, mwenye jembe asimame ubaoni.

Kwa muda wa miaka kadhaa sasa mazungumzo ya kustaafu nchini yamekuwa ni mazungumzo ya kikokotoo. Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa na kuwa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, ambao ulianza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Kanuni zilizofuata zilipunguza sehemu ya mafao inayolipwa kwa mkupuo, kutoka asilimia 50 iliyokuwa ikitolewa na PSPF na LAPF hadi asilimia 25. Wafanyakazi wakalalamika, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo Rais John Magufuli akasimamisha kanuni hizo. Kanuni mpya zilianza tarehe 1 Julai 2022 kwa asilimia 33 kwa wote. Mwaka 2024 Serikali ikaongeza tena: asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa wakipata 25.

Malalamiko ya wafanyakazi hayakuwa ya bure, na hesabu yenyewe inaonyesha hivyo. Mathalani mwalimu aliyetumikia miezi 360, yaani miaka 30, na ambaye wastani wa mshahara wake bora katika miaka mitatu ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF mwalimu huyo angelipwa mkupuo wa shilingi milioni 62, na pensheni ya shilingi 333,333 kila mwezi. Kwa kanuni ya sasa, yenye mkupuo wa asilimia 40, hulipwa shilingi milioni 37 na laki mbili hivi, na pensheni ya shilingi 372,414 kila mwezi. Pensheni imepanda kwa shilingi 39,000 hivi, lakini mkupuo umepungua kwa karibu milioni 25. Mtu aliyekwisha kupanga nyumba yake kwa hesabu ya kwanza hawezi kulaumiwa kwa kununa alipoonyeshwa hesabu ya pili.

Hata hivyo, katika makelele ya asilimia liko jambo moja ambalo limesahauliwa, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Mkupuo si bahashishi ya kumshukuru mtumishi. Mkupuo ni pensheni yake mwenyewe iliyolipwa kabla ya wakati wake. Mwalimu yule wa miezi 360, lau asingechukua mkupuo hata kidogo, pensheni yake ingekuwa shilingi 620,690 kila mwezi. Kwa kuchukua asilimia 40 kwa mkupuo, amekubali kupunguziwa shilingi 248,276 kila mwezi kwa maisha yake yote yaliyobaki. Milioni 37 na laki mbili zikigawanywa kwa kiasi hicho cha kila mwezi, jibu ni miezi 150 kamili, kwa sababu kanuni yenyewe huzidisha pensheni ya mwaka kwa 12.5. Kwa maneno mengine, siku anapopokea mkupuo, mstaafu amepokea kwa pamoja sehemu ya chakula chake cha miaka kumi na miwili na nusu. Aliyestaafu na miaka 60 amekabidhiwa posho itakayotakiwa imfikishe miaka 72 na nusu. Akiimaliza katika mwaka wa kwanza, hakumaliza fedha ya ziada. Amekula mwaka mmoja posho ya miaka kumi na miwili.

Yeyote atakayeifahamu hesabu hiyo atajua kwa nini mkulima wa Mbwemkuru ndiye mwalimu afaaye. Mkulima mwenye busara anapolipwa korosho zake haoni kwamba ametajirika. Anajua kwamba ndani ya fedha ile mna ada za watoto za mwezi wa Januari, mna palizi, mna salfa ya kupulizia mikorosho maua yatakapochanua, mna bati la kuezua upande wa nyumba unaovuja, na mna chumvi, sabuni na mafuta ya miezi ambayo hakutakuwa na mnada wowote. Fedha yote hiyo ina wenyewe kabla haijafika mkononi. Kinachobaki baada ya wenyewe kupewa chao, hicho ndicho cha kufurahia.

Tena mkulima huyo hategemei mlango mmoja. Ana mikorosho, lakini ana ufuta na mbaazi; ana mahindi ya kula, na pembeni ana muhogo. Muhogo ndio akiba ya watu wa kusini tangu zamani, kwa kuwa hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe, hauhitaji ghala wala kufuli, na hung'olewa siku ya dhiki. Mstaafu naye ahitaji muhogo wake, yaani fedha au mali ambayo haiguswi ila siku ya ugonjwa au msiba, na ambayo jirani haioni ikining'inia.

Si kwamba kila mkulima wa wilaya hizo ni mwenye busara. Wako ambao msimu wa korosho ukifika hununua pikipiki leo, wakaiuza kwa hasara miezi michache baadaye ili wanunue unga. Lakini hao hujulikana, na kijiji kizima hujifunza kwao. Aidha wakulima wa korosho wamefunzwa na nyakati kwamba fedha iliyoahidiwa si fedha iliyo mkononi. Tangu mwaka 2007 korosho zimekuwa zikiuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mazao katika chama chake cha msingi, mazao huenda ghala kuu, mnada hufanyika, ndipo malipo hufuata. Kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale minada hiyo iko chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Msimu wa 2018 wanunuzi walipotoa bei isiyoridhisha, Serikali iliamua mwezi wa Novemba kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi. Aliyekuwa na muhogo alisubiri ameshiba. Aliyekwisha kukopa kwa kutegemea bei ile aliipokea fedha kwa mkono mmoja na kuikabidhi kwa mwingine.

Nachingwea ina somo jingine, kubwa zaidi, kwa mtu anayetaka kuingiza mkupuo wake wote katika biashara. Baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga katika Afrika ya Mashariki ili ipate mafuta ya kula. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa nchini, pamoja na Kongwa na Urambo. Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta yaliletwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Kilichokosekana ni kitu kimoja kidogo: hakuna aliyelima kwanza shamba dogo la majaribio kwa misimu michache ili kuijua ardhi na mvua. Mwezi wa Januari 1951 mradi uliachwa, ukiwa umemeza pauni zipatazo milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Hao walikuwa na wataalamu, mashine na hazina ya dola nzima.

Mwalimu mstaafu anayenunua basi dogo kwa milioni 30 ilhali hajapata kuendesha biashara ya gari hata siku moja anarudia kosa lile lile, tofauti ni kwamba yeye hana dola ya kumfidia. Vivyo hivyo aliyejenga mabanda ya kuku elfu moja bila kufuga kuku ishirini kwanza. Vivyo hivyo aliyenunua shamba kwa kuelezwa, katika kijiji asichokijua, na kumwachia msimamizi asiyemjua. Biashara si mbaya, na ufugaji si mbaya. Kibaya ni kuanza kujifunza kazi mpya katika umri wa miaka 60, kwa fedha ambayo ndiyo chakula chenyewe. Majaribio yana wakati wake, nao ni wakati ambapo mshahara ungalipo. Anayetaka kuwa mfugaji baada ya kustaafu, afuge kidogo akiwa na miaka 48. Hasara ya kuku ishirini mshahara wa mwezi ujao utaiziba.

Mkorosho nao unaifundisha hesabu ya umri. Mche bora ukitunzwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, mavuno yakaongezeka miaka inayofuata, kisha mti ukaendelea kuzaa kwa miongo. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja huchukua miti 28 hivi. Mtumishi anayepanda ekari mbili akiwa na miaka 48 atafika miaka 60 akikuta miti iliyokwisha kukomaa na inayomlipa kila msimu. Anayepanda ekari hizo hizo kwa fedha za mkupuo ataanza kwa kulipa palizi na dawa miaka kadhaa kabla ya kuona mavuno ya maana. Miti ni ile ile na ardhi ni ile ile. Tofauti ni ya kalenda tu. Tena shamba liwe mahali ambapo mwenyewe aweza kulifikia. Historia ya korosho yenyewe ni shahidi: mavuno ya nchi yalifika tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74, yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi, bei na maradhi ya mikorosho zikiwamo. Lakini mojawapo ni kwamba watu walihamishiwa vijiji vipya, mashamba yakabaki mbali, na porini hakuna wa kupalilia.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba desturi ya mtumishi kujijengea mali yake si ya zamani sana nchini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi, na masharti hayo yaliwahusu pia watumishi wa Serikali wa ngazi za kati na za juu: hakuna mishahara miwili, hakuna nyumba ya kupangisha, hakuna hisa katika kampuni. Nia ilikuwa njema, nayo ilikuwa kuwazuia wenye madaraka wasigeuke kuwa wanyonyaji. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwezi wa Februari 1991. Kwa hiyo kizazi kizima kilistaafu kikiwa hakina ila pensheni, katika miaka ambayo shilingi ilikuwa ikishuka thamani kila kukicha. Watoto wa kizazi hicho ndio wanaostaafu leo. Hawakuona kwa wazazi wao namna ya kujiandaa, na hakuna sharti linalowazuia wao kujiandaa. Lakini neno kujitegemea, ambalo Azimio lile liliifundisha nchi, halikufutwa. Taifa haliwezi kujitegemea ilhali walimu wake wakistaafu hurudi kuwa tegemezi kwa watoto ambao wao wenyewe ndio kwanza wanaanza maisha.

Adui wa kwanza wa maandalizi hayo ni deni. Utaratibu wa kazi unataka mtumishi abakiwe angalau na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Utaratibu huo uliwekwa uwe sakafu, lakini wengi wameufanya kuwa dari: hukopa mpaka theluthi ile ifikiwe, na mkopo unapokaribia kwisha huongeza mwingine. Wengine wakaenda mbali zaidi, kwa wakopeshaji wa mitaani ambao wananchi wamewapa jina la kausha damu, wanaoshika kadi ya benki ya mwalimu na namba yake ya siri, na mwisho wa mwezi wakatangulia wao dirishani. Mtu wa namna hii ameishi kwa kipato cha mstaafu miaka kumi kabla ya kustaafu, bila kupata faida yake hata moja. Anapolipwa mkupuo, siku hiyo hiyo unagawanywa kwa wanaomdai.

Kwa sababu hiyo liko zoezi moja ambalo kila mtumishi aliyefika miaka 50 angefaa kulifanya. Akokotoe pensheni yake kwa kanuni iliyopo. Kisha kwa miezi mitatu mfululizo yeye na mwenzi wake waishi kwa kiasi hicho tu, kilichobaki kiwekwe akiba. Miezi hiyo mitatu itawaonyesha zaidi ya semina kumi. Itaonyesha ni matumizi gani yalikuwa ya lazima na yapi yalikuwa ya kuonekana. Itaonyesha tofauti kati ya kaya inayovuna mahindi na mboga zake na ile inayonunua kila kitu hadi mchicha. Na wakishindwa, watakuwa wameshindwa wakiwa bado na miaka kumi ya kurekebisha.

Mkupuo wenyewe unapoingia, jambo la kwanza la kufanya ni kutofanya jambo. Ukae benki miezi mitatu au minne, mwenyewe akitulia na kusikiliza. Wapo matapeli wanaofuatilia majina ya wastaafu, wakawapigia simu kama maofisa wa mfuko na kuwadai ada ya kuharakisha malipo, au wakawaletea biashara inayozaa mara mbili kwa mwezi. Mali inayozaa mara mbili kwa mwezi haijapata kuonekana Nachingwea wala kwingineko duniani. Kwa fedha ambayo haina kazi ya haraka, ziko njia za polepole na za hakika zaidi. Serikali hukopa kwa wananchi kwa hatifungani zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo hulipa riba kila baada ya miezi sita. Viwango hubadilika: mwezi wa Aprili 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10. Hata kwa kiwango hicho kilichoshushwa, shilingi milioni 20 hulipa shilingi 1,210,000 kila nusu mwaka, na milioni 20 zenyewe zingalipo. Huo ni msimu wa korosho mara mbili kwa mwaka, usiohitaji salfa. Kasoro yake ni kwamba bei za vitu hupanda na shilingi ya leo haitakuwa na nguvu ile ile baada ya miaka 20; kwa hiyo si busara kula riba yote bila kurudisha sehemu yake katika akiba.

Nyumba nayo itazamwe kwa jicho hilo hilo. Walimu wengi hukaa nyumba za shule, na siku ya kustaafu funguo hurudishwa. Chumba viwili na baraza vilivyojengwa tofali kwa tofali wakati wa mshahara ni bora kuliko jumba la vyumba sita lililoishia kwenye linta kwa fedha ya mkupuo. Nyumba kubwa isiyokwisha hailaliki, na ikiisha hailiki.

Liko na suala la ndugu, ambalo watu huona haya kulitaja. Katika Tanzania Bara wazee walio wengi hawana pensheni ya aina yoyote, kwa kuwa maisha yao yote walikuwa wakulima, wavuvi na mama lishe. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kuwalipa wazee wote waliofika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama walipata kuajiriwa. Mahali ambapo utaratibu kama huo haujafika, mwalimu mstaafu ndiye mfuko wa hifadhi wa ukoo mzima. Kumwambia awafukuze nduguze si ungwana na wala hatasikia. Lakini mkulima hajibu maombi kwa kugawa mbegu. Hutoa kilichovunwa, na mbegu huzificha darini. Mstaafu naye asaidie kutoka katika pensheni na katika mavuno, kwa kiasi alichokipanga kwa mwaka na kukubaliana na mwenzi wake. Mkupuo usiguswe kwa ombi la mtu yeyote, hata akiwa mtoto wa kuzaa.

Baada ya kumwambia mtumishi wajibu wake, ni haki pia kutaja wajibu wa waajiri, mfuko na Serikali. Wa kwanza ni kulipa kwa wakati. Mifuko ilipounganishwa mwaka 2018, maelfu ya wastaafu walikuwa hawajalipwa mafao yao, na sehemu kubwa ya mzigo ule ilitokana na deni la Serikali kwa watumishi waliokuwa kazini kabla ya mwaka 1999, ambao hawakuwa wamechangiwa. Mwezi wa Desemba 2021 Serikali ilitoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo, na hatua ile ilistahili pongezi. Lakini pongezi hazizuii kusema kwamba mchango wa asilimia 5 wa mfanyakazi na asilimia 15 wa mwajiri lazima ufike kila mwezi, bila deni jipya kuzaliwa mahali pa lile la zamani.

Wajibu wa pili ni kumbukumbu. Mstaafu wa Ruangwa hapaswi kupanda gari mara tatu kufuatilia barua ya ajira ya mwaka 1992 ambayo mwajiri ndiye aliyetakiwa kuitunza. Jina lililoandikwa kwa herufi mbili tofauti, tarehe ya kuzaliwa isiyolingana, barua ya kupandishwa cheo iliyopotea, yote hayo yasahihishwe mtumishi akiwa kazini. Naye mtumishi atunze nakala zake katika jalada moja, aonyeshe nyumbani lilipo, na ahakikishe mapema haki yake na ya mwenzi wake katika bima ya afya.

Wajibu wa tatu ni mafunzo. Semina ya kustaafu inayofanyika miezi sita kabla ya siku yenyewe ni sawa na kumfunza mtu kupanda mkorosho siku ya kuvuna. Mafunzo yaanze mtumishi akiwa na miaka 45, na yafanyike wilayani, si katika hoteli za mijini. Nachingwea kuna chuo cha ualimu. Hakuna kinachozuia mwalimu kijana anayesomea kazi pale kufundishwa tangu mwanzo namna ya kusoma hati yake ya mshahara na namna pensheni inavyokokotolewa. Na katika mafunzo hayo, pamoja na maofisa wa mifuko na wa benki, aitwe mkulima mmoja mwenye busara wa kijiji cha jirani, aeleze anavyozigawa fedha za korosho kutoka Desemba hadi Desemba.

Wajibu wa mwisho ni kuitazama pensheni yenyewe kila baada ya muda, ili ile iliyotosha mwaka wa kwanza isigeuke nauli ya kwenda kuifuata katika mwaka wa kumi na tano.

Mjadala wa asilimia utaendelea, na ni haki ya wafanyakazi kuuendeleza kupitia vyama vyao. Lakini hata siku mkupuo utakaporudi kuwa asilimia 50, miezi haitaongezeka katika mwaka, na mstaafu atatakiwa kula katika kila mmoja wao. Wakulima wa Mbwemkuru wameliishi jambo hilo misimu mingi. Watumishi waliobakiwa na miaka kumi ya kazi wangali na muda wa kuwauliza.